Kikapu na Matikiti ya Haji Maati

Tilwin, 3 Julai

Kaka Bassou,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanishinda. Nikikuuliza jambo la maana unacheka, unaniuliza kama nimekula, halafu ghafla Katibu Mkuu anakuita. Karatasi haina Katibu Mkuu. Dereva wa basi la Rabat atakukabidhi hii mkononi.

Kwanza habari njema, maana naona huko makao makuu hamziamini. Kikapu, chama chetu, kinashinda huku. Sisemi kama tulivyokuwa tukisema kila uchaguzi, ili tupate moyo wa kubandika karatasi ukutani. Tumezoea kuwa chama cha walimu na wauza vitabu: kiti kimoja katika baraza zima la jimbo, na mwenye kiti chenyewe anasinzia vikaoni. Safari hii watu wanatufuata wenyewe. Jumapili sokoni mwanamke nisiyemjua alinishika mkono. "Wewe ndiye mwalimu wa maji?" Nikamwambia ndimi. "Basi piga kelele, mwanangu. Wale hawasikii ukisema taratibu."

Na nitapiga. Maji ya bomba yanatoka kidogo asubuhi, tena ya chumvi, yanaacha ukoko mweupe kwenye birika mpaka chai inanuka kama dawa. Yaliyobaki tunayapigania kwenye boza, lile lori la maji. Mitende ya jirani yetu Itto imekauka vilele. Na kule uwandani matikiti ya Haji Maati yanakunywa mchana kutwa, yanapakiwa kwenye malori, yanakwenda kuliwa Ulaya. Hilo ndilo ninalowaambia watu, na ndilo linalowachemsha.

Tukipata viti vitatu, kaka, hakuna chama kati ya vile viwili vikubwa kitakachopata mwenyekiti wa jimbo bila sisi. Na sisi tutataka jambo moja tu: visima vya uwandani vifungwe.

Sasa swali langu. Barua yangu ya uteuzi iko wapi? Tawi lilinichagua niwe jina la kwanza kwenye orodha tangu majira ya baridi. Na kuna maneno huku kwamba Haji Maati ameonekana makao makuu, amekunywa chai ofisini kwako. Niambie ni uongo, niweze kulala.

Baba anakuulizia. Anahema vizuri zaidi tangu ulete ile mashine ya oksijeni. Mungu akulipe. Bila wewe tungekuwa tumeshamzika.

Mdogo wako,
Tuda

Rabat, 10 Julai

Mwalimu wangu mkali,

Umenichapa kwa karatasi kama unavyowachapa wanafunzi wako. Umekula, lakini?

Punguza moto kidogo. Mambo ya uteuzi yako mezani, yanashughulikiwa, na mimi ndiye ninayeyashughulikia. Unajua orodha ya jimbo zima haipangwi Tilwin peke yake. Kuna wilaya nyingine, kuna mizani yake. Haji Maati alikuja kunywa chai, ni kweli. Wengi huja. Chama kidogo kikifukuza wageni kitabaki na viti vya plastiki tu.

Ila nakuomba kitu kimoja kama kaka yako. Zungumza juu ya maji kwa jumla. Sema serikali, sema ukame, sema sera mbovu. Usitaje majina ya watu, wala usiwapeleke watu wa kamera kule uwandani. Kule kuna mashamba ya watu wengi, mikataba ya watu wengi, na mtu akikushtaki katikati ya kampeni tutakuwa tumekwisha. Nakujua: nikikukataza mlango huu utapita dirishani. Safari hii nisikie.

Mwambie Baba nitakuja baada ya uchaguzi. Asikae uani jioni, vumbi linamuumiza.

Kaka yako akupendaye,
Bassou

Tilwin, 24 Julai

Bwana Naibu Katibu Mkuu,

Nimefika uwandani.

Sikwenda kwa ubishi. Nilipelekwa na aibu. Jumapili nilikuwa nimesimama juu ya meza ya muuza ndimu, nasema, na watu wamejaa mpaka kwa wachinjaji. Nikataja jina la Haji Maati kwa sauti. Hamou Ouzine, yule mpiga debe wa chama cha gavana wa zamani, akainua mkono kwa adabu kabisa.

"Bi Tuda, nina swali dogo."

"Uliza."

"Matikiti ya baba yako yanamwagiliwa asubuhi au jioni?"

Watu wakacheka. Nikamwambia baba yangu hana hata mchicha. Akasema, "Sijasema mchicha, mwalimu. Nimesema matikiti. Nenda kaangalie, kisha uje utufundishe jiografia." Sasa walicheka hadi wanaume waliokuwa upande wangu. Nikamwita mwongo mbele ya soko zima, Bassou. Mara tatu nilimwita mwongo.

Jumatatu nikakodi gari. Shamba la babu, lile tulilokuwa tukipanda shayiri mwaka wa mvua, ambalo sijalikanyaga tangu Mama afariki, ni kijani mwanzo mpaka mwisho. Mipira myeusi ya maji imetambaa kama mishipa. Katikati pampu inanguruma, na bomba lililoingia ardhini ni nene kuliko paja langu. Mlinzi akanijia anacheka. Nikajitambulisha nikidhani atanifukuza. Akasema, "Karibu sana, binti wa mwenye shamba! Chagua tikiti ukampe mzee." Akanichagulia mwenyewe, kubwa, akaliweka kwenye gari. Nililitupa njiani, likapasuka, nikakaa kando ya barabara nikilia kwa hasira.

Mkataba umewekwa sahihi na nani? Baba alikupa wewe uwakala alipolazwa. Wewe, peke yako. Kwa hiyo ulipoandika "mashamba ya watu wengi" ulikuwa unaandika huku unajua. Uliniacha nipande juu ya meza ile, soko baada ya soko, nawatukana wezi wa maji kwa kinywa cha mwenye shamba!

Nyumbani sijaweza kuingia chumbani kwa Baba. Namsikia anakohoa, namsukumia chakula mlangoni kama mfungwa. Je, anajua? Nijibu hilo tu, na usinichekee.

Tuda

Rabat, 29 Julai

Tuda,

Sawa. Sicheki.

Baba hajui. Anadhani shamba limelala. Nimelikodisha kwa Haji Maati, na ningelikodisha tena leo. Sasa nikuulize mimi. Ile mashine ya oksijeni ulidhani imeshuka mbinguni? Hospitali ya binafsi ya Marrakech, ile yenye mashuka meupe, ulidhani wanatibu kwa dua? Uliniambia "Mungu akulipe" ukaenda zako mkutanoni. Hukuuliza hata siku moja. Mshahara wa chama hiki unaujua: miezi mingine ni kofia na fulana. Baba alichimba makaa chini ya ardhi ya Wafaransa mpaka mapafu yakawa mawe, na pensheni yake haitoshi hata nauli ya kwenda kwa daktari. Nilifanya hesabu ambayo wewe hukutaka kuifanya. Mikono yako imebaki safi kwa sababu yangu ilichafuka.

Na maadamu tumeanza kusema kweli, sikia iliyobaki. Kamati kuu imekwisha kuamua. Jina la kwanza kwenye orodha ya jimbo ni Haji Maati. Ana watu kila wilaya, ana magari, na bila yeye hatuvuki kizingiti cha kura. Nimekupigania mpaka nikakauka koo: wewe utaongoza sehemu ya wanawake katika orodha hiyo. Ni kiti cha uhakika, Tuda. Uhakika! Utaingia barazani, na huko utasema juu ya maji mpaka wakuchoke.

Ninachotaka kwako ni ukimya mpaka siku ya kura. Na Baba asijue. Atavunjika, na hana pumzi ya kuvunjikia.

Bassou

Tilwin, 5 Agosti

Mwanangu Bassou,

Miaka niliyokuwa mgodini niliwaandikia barua mama yenu na ninyi, kwa hiyo usishangae mkono huu. Unatetemeka lakini ni wangu.

Dada yako aliingia chumbani na barua yako mkononi akaisoma yote, hata pale unaposema nisijue. Alikuwa anasoma kwa sauti kama anasoma hukumu. Alipomaliza nikamwuliza, "Tangu lini unajua?" Akasema tangu Jumatatu ile alipokwenda uwandani. Nikamwambia, basi na wewe umenificha, tofauti yenu ni siku tu. Mmoja anakodisha ardhi yangu mgongoni mwangu, mwingine ananisukumia sahani mlangoni. Nyote wawili mmenifanya maiti anayehema.

Jana nilimwambia anipeleke uwandani. Alikataa kwa ajili ya vumbi. Nikavaa viatu. Tulipofika nilikaa kwenye kiti karibu na pampu, chupa ya hewa pembeni, nikamwambia mlinzi azime. Akasema hana amri. Nikamwambia amri ni mimi, jina langu ni Moha, ndilo lililo kwenye hati ya shamba. Akampigia simu Haji Maati. Haji akataka kuzungumza nami, akaniita "mzee wangu", akanieleza juu ya mkataba, mahakama na mambo mengi. Nikamwacha aseme. Mimi siwezi kusema sana, kwa hiyo nimejifunza kukaa. Nilikaa. Jua lilipokuwa kali mlinzi mwenyewe aliona haya akazima.

Leo nimekwenda kwa mthibitishaji wa hati nikafuta uwakala wako. Mkataba Haji aupeleke mahakamani akitaka.

Mashine nitaendelea kuitumia. Imeshanunuliwa, na mimi naogopa kufa kama mtu mwingine yeyote. Lakini ungeniuliza, Bassou. Ningekataa, ungenibishia, tungegombana kama wanaume wawili. Ulininyima hata ugomvi.

Baba yako,
Moha

Rabat, 14 Agosti

Tuda,

Unajua mlichofanya? Haji Maati aliingia ofisini kwa Katibu Mkuu akapiga meza mpaka gilasi zikaruka. Anasema familia yangu imemhujumu mavuno. Anataka kujiondoa na magari yake yote, siku chache kabla ya orodha kufungwa. Katibu Mkuu amenitazama kama alivyowatazama wale aliowafukuza mwaka jana.

Nimemtuliza Haji kwa ahadi moja: kwamba utaweka sahihi yako kwenye sehemu ya wanawake, utasimama naye jukwaani Tilwin, mtapigwa picha, basi. Karatasi nimeambatanisha. Weka sahihi, mpe dereva wa basi. Ukikataa, chama kitaanguka na mimi nitakuwa chini yake.

Sikuombi kwa ajili ya Haji. Nakuomba kwa ajili yangu.

Bassou

Tilwin, 20 Agosti

Bassou,

Karatasi yako inarudi kama ilivyokuja, haina wino wangu.

Jumapili nilirudi sokoni. Tawi lote lilinikataza. Waliniambia ningoje, watu watasahau. Nikapanda juu ya meza ileile ya muuza ndimu nikasema, "Hamou Ouzine, uko wapi? Nilikuita mwongo. Shamba ni letu na matikiti yalikuwa kwetu. Mimi sikujua, lakini nilipaswa kujua." Nilingoja kuzomewa. Kijana mmoja alirusha ganda la ndimu likanipata begani. Hamou alicheka kwa raha zake akasema, "Mmesikia? Ndio hao mliotaka kuwapa kura!"

Ndipo Itto akasogea mbele. Unamjua alivyo, hasemi mbele za watu. Alikuwa amejifunika uso nusu. Akasema, "Na langu."

Hamou akauliza, "Lako nini, bibi?"

"Shamba langu la uwandani. Wanangu wamelikodisha kwa Haji. Mitende yangu imekufa na mimi ndiye niliyeiua."

Halafu muuza viungo akasema na la kwao. Halafu mzee wa msikitini, akaanza kujitetea kabla hajaulizwa. Halafu mtu akamgeukia Hamou: "Na wewe je? La mjomba wako?" Hamou akamtukana mama yake, wakashikana, vibanda viwili vikaanguka. Ndugu yangu, nusu ya soko lile lililokuwa likinishangilia lilikuwa linakodisha! Walikuwa wananipigia makofi ili nimtukane Haji, wasilazimike kujitazama. Mimi niliyahesabu makofi yale nikakuandikia kwamba tunashinda. Hasira niliyonayo nawe haizidi niliyonayo na upumbavu wangu.

Baada ya ugomvi baadhi yao walikuja uani kwetu. Baba aliwapokea amekaa. Wamekubaliana mikataba ikiisha hawatatia sahihi mpya, na anayetaka kuvunja sasa watamsaidia mahakamani. Ni wachache. Mzee wa msikitini hakuja.

Sitagombea. Si juu, si kwenye sehemu ya wanawake, si popote penye jina la Haji Maati juu yangu. Tawi la Tilwin limejiuzulu chamani, isipokuwa wawili ambao tayari wamekwishavaa kofia za Haji. Uliniomba kwa ajili yako. Hata mimi nilikuomba kitu kwa ajili yangu, mwezi wa Julai: uniambie kweli.

Tuda

Rabat, 15 Septemba

Tuda,

Bila shaka umesikia redioni, lakini nikuandikie mwenyewe.

Kikapu kimepata viti vitatu. Vitatu, kama ulivyosema. Hapa makao makuu walipiga vigelegele, wakanibeba. Katibu Mkuu alinibusu pande zote mbili mbele ya waandishi. Tilwin ndipo tulipoanguka vibaya kuliko kote jimboni, karani wa takwimu aliniuliza kama kuna kosa la chapa. Nikamwambia hakuna kosa.

Siku ya kumchagua mwenyekiti wa jimbo tulikuwa tumepanga masharti yetu, tumeyachapa vizuri. Sharti lako la visima nililiweka mimi mwenyewe la kwanza, uamini usiamini. Haji Maati hakuyafungua. Yeye na wale wawili waliopata viti pamoja naye waliinua mikono kwa mgombea wa chama kimoja kikubwa bila hata kutugeukia. Jioni ikatangazwa: ndiye mwenyekiti wa kamati ya kilimo na maji. Ya maji, Tuda.

Nilimpigia simu. Akanijibu kwa upole, "Bwana Bassou, mimi nilinunua orodha, sikununua chama." Akakata.

Jana Katibu Mkuu aliitisha kikao. Kosa lote ni langu, kwa sababu eti nilimleta mtu ambaye familia yangu ilimkosea. Waliinua mikono nifukuzwe, hata wale niliowapa kazi. Nimeondoa vitu vyangu ofisini leo asubuhi. Havikujaza sanduku.

Sijui niandike nini kingine. Nilidhani namwokoa Baba, na naokoa chama, na nakuokoa wewe na ukali wako. Sikumwuliza yeyote kama anataka. Naomba nije nyumbani. Siombi kusamehewa, naomba kuja tu. Mwulize Baba, kwa sababu nikimpigia simu hapokei.

Bassou

Tilwin, 21 Septemba

Kaka,

Nimemsomea Baba barua yako. Nilipofika pale pa kamati ya maji alicheka, kikohozi kikamkamata, nikadhani ndiyo basi. Haji amempeleka mahakamani kwa kuvunja mkataba, na kesi itatajwa mwezi ujao. Baba amekataa wakili. Anasema atakwenda mwenyewe na kiti chake.

Hali yake si nzuri. Alirudi kutoka uwandani na vumbi kifuani, na daktari wa hospitali ya wilaya hanitazami machoni anapoongea nami. Mimi ndiye niliyemwendesha kule. Kwa hiyo usidhani uko peke yako kwenye hesabu hiyo.

Nilipomaliza kusoma nilimwuliza nikujibu nini. Akasema, "Mwandikie aje. Ila usimwandikie leo, una hasira. Ngoja ikuishe."

Nimengoja siku hizi zote. Nimefua, nimefundisha, nimegombana na dereva wa boza, na kila nikikaa kuandika inapanda tena. Nimemsikiliza Baba anavyohema usiku huu na jana, nikaelewa kwamba nikingoja iniishe, yeye ataisha kwanza.

Njoo na basi la kwanza. Nitakugombeza ukifika.

Tuda